Tambarare ya Mabogini inanimaliza: je, shida ni baiskeli?

"Habari za kazi, fundi. Nina miaka 47, kilo 82, naishi Moshi mjini. Mwaka jana lori lilinikosakosa barabara kuu, mama watoto akanipiga marufuku kugusa lami. Tangu masika yaishe, kila Jumamosi nashuka upande wa Mabogini na Chekereni, naendesha kwenye njia za changarawe kando ya mifereji ya mpunga, kama kilomita 35 kwenda na kurudi. Nilidhani kwenye tambarare nitapeta. Kwenda napeta kweli, lakini kurudi nafika nyumbani nimekwisha. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, goti la kulia linauma kwa mbele, na ndani ya wiki 6 nimepata pancha mara 7. Baiskeli ni ya mtumba, ina gia, tairi zimeandikwa 700x32. Rafiki mmoja ananiambia nijaze upepo hadi tairi iwe jiwe, pancha zitaisha. Mwingine anasema baiskeli yangu haifai, ninunue ile maalumu ya changarawe, na naambiwa bei yake inapita milioni 2. Na je, naruhusiwa kupita kwenye kingo za mifereji? Kwenye video za Ulaya naona watu wanakwenda kando ya mifereji siku nzima, hawaulizwi wala hawachoki."

Ndugu yangu, nianze na pesa yako: kwa sasa ibaki mfukoni. Baiskeli yenye gia, tairi za 700x32 (yaani upana wa milimita 32) na breki zinazoshika inatosha kabisa kwa njia unazozitaja. Umeandika uchovu, ganzi, goti na pancha kana kwamba ni shida nne. Mimi naziona zimetoka shina moja: umeichukulia njia ya mfereji kuwa ni barabara ya lami iliyoondolewa magari. Ile ni njia ya maji. Ukishajua maji yanataka nini, utajua kwa nini miguu inaisha, upepo kiasi gani ukae kwenye tairi, na hata namna ya kumjibu mkulima atakayekusimamisha.

Hizo video za Ulaya zimekupotosha bila kukusudia. Mfereji wa Canal du Midi kusini mwa Ufaransa ulifunguliwa mwaka 1681, una urefu wa kilomita 240 hivi kutoka Toulouse kuelekea bahari ya Mediterania. Marekani kuna ule wa Chesapeake na Ohio, kilomita 297 kutoka Cumberland hadi Georgetown jijini Washington. Yote miwili ilichimbwa kwa ajili ya mashua, na mashua hizo zilivutwa kwa kamba na farasi au nyumbu waliotembea ukingoni. Mnyama anayevuta tani kadhaa hawezi kukatiziwa njia na kichaka, kwa hiyo njia yake ilitengenezwa pana, ngumu, isiyokatika. Palipohitaji kupanda, mashua iliinuliwa kwa malango ya maji, na kati ya lango na lango maji yalitulia kama ya kwenye beseni. Waendesha baiskeli wa leo wamerithi barabara ya farasi, na barabara hiyo kwa sehemu kubwa haipandi wala haishuki.

Mifereji ya kwetu haijawahi kubeba mashua. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani, kwa ajili ya mpunga. Maji yanachukuliwa Mto Rau na chemchemi za Njoro, yanaingia kwenye banio, yaani kizuizi kinachoyageuza, kisha mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, mpaka kwenye jaruba, kipande cha mpunga cha mtu. Hakuna pampu inayoyasukuma, yanakwenda kwa uzito wake. Hapo ndipo penye jibu lako la kwanza. Maji hayatembei mahali palipo sawasawa. Ukiona mfereji unatiririka kando yako kuelekea unakokwenda, basi na wewe unashuka, hata kama macho yanakuapia kuwa hapo ni kama juu ya meza.

Wazee wa mlimani walilijua hili kabla ya ukoloni. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, imepita ubavuni mwa Kilimanjaro ikishuka kidogokidogo kiasi kwamba mgeni akisimama mahali fulani huapa maji yanapanda. Waliochimba walifuata maji yenyewe: wanafungulia kidogo, wanaangalia yanakokwenda, wanachimba tena. Huku chini skimu imepimwa kwa vifaa vya kisasa, ila kanuni ni ileile.

Sasa tupige hesabu yako. Kutoka mjini hadi mashamba ya Chekereni unashuka kama mita 100. Kwa safari yako ya kilomita 17 na nusu, hiyo ni mita 6 hivi kwa kila kilomita, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuuona mteremko huo. Miguu inauona. Wewe na baiskeli pamoja mnakaribia kilo 100, na kurudisha uzito huo juu mita 100 ni kama kupanda ngazi za jengo la ghorofa 30 umebeba baiskeli begani. Kazi hiyo yote unaifanya kwenye kurudi, saa ambayo jua limepanda na chupa ya maji imebaki tone. Huna udhaifu wowote wa ajabu. Asubuhi unatumia nguvu za mteremko ukidhani ni zako, na mchana unadaiwa.

Kuna jambo la pili kuhusu tambarare ambalo watu wa milimani kama sisi tunachelewa kulijifunza. Mlima unachosha, lakini ukiupanda unalipwa: unashuka umeacha pedeli, unanyanyua makalio, unakunja mgongo, unakunywa maji. Tambarare hailipi. Ukizungusha pedeli mara 80 kwa dakika, kwa saa moja kila mguu umezunguka mara 4,800, na katika kila mzunguko makalio, viganja na nyayo viko palepale. Misuli ileile inafanya kazi ileile na mishipa ileile inabanwa. Kwa hiyo usisubiri kuchoka. Kila dakika 10 simama kwenye pedeli kwa sekunde 20 hivi, badili mahali unaposhika usukani, tikisa mabega. Kila dakika 40 shuka kabisa, tembea hatua 50. Ukiwaona waendeshaji wazoefu wa safari ndefu wanashuka mara kwa mara, hawaringi, wanajua tambarare inataka nini.

Ongeza upepo wa mbele. Kwenye majaruba hakuna mgomba wala mti wa mruka wa kuuzuia. Ukinzani wa hewa haukui sambamba na kasi, unakua kwa kipeo cha pili chake. Ukienda kilomita 15 kwa saa kukiwa shwari halafu ukaja upepo wa kilomita 10 kwa saa usoni, hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu inayokaribia mara 3 ya ile ya mwanzo. Huwezi kushindana nayo kwa kiburi. Shusha gia, inamisha kiwiliwili, kubali mwendo wa kilomita 11 au 12. Kabla ya kuondoka tazama mashuke ya mpunga yameinamia wapi, na ukiweza kuchagua, sehemu ya upepo wa mbele uimalize mapema ukiwa na nguvu.

Tuje kwenye tairi, maana hapa rafiki yako wa kwanza anakupoteza.

Kwenye lami laini tairi ngumu huviringika vizuri, na hapo ndipo imani ya "ijaze iwe jiwe" ilipozaliwa. Kwenye changarawe mambo yanageuka. Tairi ngumu ikikutana na kokoto haiwezi kulimeza, kwa hiyo inaruka. Kila mara inaporuka imekuinua wewe na baiskeli kidogo, na nguvu ya kuinua kilo 100 imetoka miguuni mwako. Mtikisiko uliobaki unapanda kwenye uma wa gurudumu la mbele, unaingia kwenye usukani, unamalizikia kiganjani. Tairi yenye upepo wa wastani inajikunja kuzunguka kokoto, baiskeli inaendelea mbele badala ya kuruka juu. Inashika vizuri zaidi kwenye kona, inakugharimu nguvu pungufu, na vidole vyako vinapumzika. Hisia inadanganya: tairi ngumu inatetemeka, na mtetemo tunauhisi kama kasi.

Hujaniandikia unajaza upepo wa pauni ngapi (psi kwenye geji), lakini kwa ushauri uliopewa nadhani umefika 80 au zaidi. Kwa kilo zako na tairi ya 32, anza na pauni 50 mbele na 57 nyuma. Nyuma inazidi kwa sababu ndiko uzito mwingi ulipo. Tafuta pampu yenye geji, usitumie kidole gumba. Kidole kinapima ugumu wa mpira, na mpira wa tairi nene unakupa jibu tofauti na mpira wa tairi nyembamba hata kama upepo ni uleule. Ukipanda tuta la kalvati na ukasikia ringi inagonga, ongeza pauni 3. Usiposikia kabisa na bado viganja vinatetemeka, punguza 3. Ndani ya Jumamosi mbili utakuwa umeipata namba yako, na iandike kwa kalamu kwenye fremu.

Pancha zako 7 zinaweza kuwa za aina tofauti, na tyubu yenyewe ina ushahidi. Kabla ya kumwachia kijana wa viraka, itoe uitazame. Ukikuta mipasuko miwili midogo iliyokaa sambamba, hiyo ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na ringi: upepo ulikuwa mdogo mno, au ulivamia shimo bila kunyanyua makalio. Ukikuta tundu moja kama la sindano, au matatu manne yametawanyika, na yako upande unaogusa tairi, huo ni mwiba. Tundu likiwa upande wa ndani unaokaa kwenye ringi, mwiba hauhusiki kabisa. Ni njiti ya gurudumu iliyochomoza, au utepe wa ringi umehama, na utaziba viraka mpaka mwakani bila kupona.

Kwa njia unazopita na msimu huu wa kiangazi, mimi ningeweka dau kwenye mbigili. Unaujua: mmea unaotambaa chini, maua madogo ya njano, tunda gumu lenye pembe. Umbo lake ni kwamba vyovyote linavyoanguka, pembe moja inatazama juu. Linapenda ardhi iliyokwanguliwa na kukanyagwa, yaani pembezoni mwa njia na mahali ng'ombe wanaposimama kunywa maji. Kuijaza tairi iwe jiwe hakusaidii hapo, maana mpira uliokazwa hausogei mbele ya mwiba, unatobolewa tu. Dawa yake ni kukaa kwenye alama ya gurudumu la trekta, ambako tunda limekwisha kusagwa, na kutoegesha baiskeli majanini. Ukipita mahali penye mbigili, simama baada ya hapo, zungusha kila gurudumu, toa kilichonasa kabla hakijazama. Mafundi wetu wana mbinu ya kukata tyubu kuukuu na kuilaza ndani ya tairi kama kitanda. Inafanya kazi. Inaongeza uzito na kuifanya tairi iwe nzito kidogo kuzunguka, lakini kwa mtu wa pancha 7 ndani ya wiki 6 mimi ningekubali. Dawa ya maji ya kuziba, ile inayoingizwa kupitia nozeli, nayo hufanya vizuri kwa matundu madogo ya mbigili. Kwa mwiba wa mgunga haitoshi. Huo unatoboa mpaka pande mbili.

Mwiba wa mgunga na tyubu moja tu ya akiba ukiwa katikati ya majaruba saa 5 mchana si jambo la mchezo. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu ya mkono na nyenzo za kutolea tairi. Huko chini kuna mafundi, lakini hawako kila kilomita.

Ganzi ya vidole viwili vya mwisho ina jina na njia yake. Kuna neva inaitwa alna, ndiyo ile inayokupiga shoti ukijigonga kiwiko. Inashuka mpaka kiganjani na kupita pale chini upande wa kidole kidogo, karibu sana na ngozi. Uzito wa kifua ukilalia hapo, tena ukitetemeshwa na tairi ya pauni 80 kwa saa mbili, neva inabanwa na vidole vinalala. Kupunguza upepo wa tairi kutakusaidia sana. Halafu angalia kiti. Kama pua yake imeinama mbele, unateleza bila kujua na mikono ndiyo inayokuzuia, kwa hiyo kiweke sawa kwa kutumia hata ubao na glasi ya maji. Usukani ukiwa chini ya kiti kwa kiasi kikubwa, mwambie fundi aupandishe sentimita mbili. Shika kwa viwiko vilivyolegea kidogo. Mkono ulionyooka kama mti wa uzio unapeleka kila kokoto mpaka shingoni.

Goti linalouma kwa mbele, mara nyingi sana, ni kiti kifupi na gia nzito. Watu wengi waliojifunzia kwenye baiskeli kubwa nyeusi za nyumbani hupenda kiti kinachowaruhusu kukanyaga chini wakiwa wamekaa. Kwa kwenda sokoni ni sawa. Kwa kilomita 35 goti linakunjwa kupita kiasi, na kifuniko chake kinasagwa kila mzunguko. Jaribu hivi: kaa kitini, egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama. Baadaye ukiendesha kwa sehemu pana ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukipandisha kiti, panda milimita 5 kwa wiki, usiruke. Maumivu yakihamia nyuma ya goti, umezidisha. Na ile tabia ya kubaki gia kubwa kwa sababu njia ni tambarare, iache. Miguu izunguke haraka na kwa wepesi. Ukihisi unasukuma, umechelewa kushusha gia.

Rafiki yako wa pili nisimdharau, kuna ukweli anaousema. Baiskeli ya changarawe ina nafasi ya tairi za milimita 40 na zaidi, breki za diski zisizojali tope, gia nyepesi na mkao uliopangwa kwa ajili ya safari ndefu. Kwa mtu anayetaka kwenda Kahe hadi Nyumba ya Mungu na mizigo, siku mbili tatu, ningemwambia ajipange polepole ainunue. Kwa Jumamosi zako, tairi pana zaidi zitakupa sehemu kubwa ya faida hiyo kwa bei ndogo sana, na kipimo cha kujua kama zinaingia ni hiki. Chukua penseli, ipitishe kati ya tairi na fremu, kila upande, mbele na nyuma, na chini ya breki. Ikipita kwa urahisi, fremu yako inaweza kubeba tairi ya 35, pengine 38. Kila milimita ya upana inakuruhusu kushusha upepo bila kugonga ringi. Ukifika 38, anza na pauni 40 mbele na 45 nyuma. Nimeona watu wakibadilisha tairi tu na kuacha kabisa kuzungumzia baiskeli mpya.

Na mnyororo, kwa kuwa niko hapa. Usipake oili chafu ya gari. Vumbi la huku chini linaipenda, vinachanganyikana na kuwa msasa, na gia zinaliwa ndani ya msimu mmoja. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, dondosha tone moja la oili safi nyepesi kwenye kila kiungo, subiri, kisha futa kila kilichobaki nje.

Ruhusa. Njia ya ukingoni imewekwa ili wahudumu wa skimu wafikie malango na tope lichimbuliwe. Njia inayotumiwa na wanakijiji, bodaboda na matrekta kila siku, hakuna atakayekukataza kupita. Tuta dogo la mfereji wa ndani ni jambo lingine, hilo ni shamba la mtu. Ushauri wangu ni wa kiungwana kuliko wa kisheria: mara ya kwanza unapoingia eneo jipya, pita ofisi ya kijiji au kwa viongozi wa wamwagiliaji, sema jina lako, eleza unapita tu. Maji yanakwenda kwa zamu huko, na yamekuwa hayatoshi kwa miaka mingi. Mkulima aliyekesha usiku akilinda zamu yake akimwona mtu asiyemjua amesimama kwenye lango la maji, ana haki ya kuwa na wasiwasi. Usiguse lango, usiegemeze baiskeli hapo, na ukikutana na mzee, shuka umwamkie kabla hajakuuliza. Mashamba ya miwa upande wa Arusha Chini ni ya kampuni. Huko huingii bila kuomba getini, na ukiona moshi wa miwa inayochomwa, geuza mapema.

Kuna siku ambazo hata njia ya wote ni makosa kuipita. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Hilo ni tatizo lako. Tatizo la wengine ni alama unayoacha: mfuo wa tairi juu ya tuta bichi unakuwa kijito mvua inayofuata, na kijito kinabomoa tuta. Mtu wa chini anakosa maji kwa sababu ya Jumamosi yako. Baada ya mvua kubwa ngoja siku mbili za jua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tafuta njia zenye kifusi kigumu au pumzika. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yako.

Mama watoto amekuondoa kwenye malori, nami namuunga mkono kabisa. Ila njia isiyo na magari ina hatari zake, na inayoniogopesha kuliko zote ni nyasi za ukingoni. Maji hula udongo kwa chini, juu kunabaki majani yanayoonekana kama ardhi. Mimi mwenyewe niliziamini. Nilimpisha ng'ombe, tairi ya mbele ikazama, nikaingia na baiskeli kwenye mfereji wa zege. Maji yalikuwa ya kiunoni tu, lakini kuta zimelala kwa mshazari na zina utelezi wa mwani, kila nikipanda narudi chini. Kijana aliyekuwa akipalilia alinivuta kwa mpini wa jembe. Tangu siku hiyo nampisha ng'ombe kwa kusimama, upande ulio mbali na maji, na madaraja ya mbao nayavuka kwa miguu.

Usinawe miguu wala kuosha baiskeli mferejini, hata joto likuzidi. Maji yanayotembea taratibu na kuota majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono hao vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Ukitumbukia kama mimi, jikaushe haraka kwa nguvu, halafu wiki 6 hadi 8 baadaye kapime, kwa sababu mapema zaidi mayai ya minyoo ya kichocho yanaweza yasionekane. Tiba ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, na hutolewa kwa uzito wako. Ukisogea kwenye mito mikubwa, Kikuletwa na Ruvu, au bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mamba. Waulize wavuvi wapi pa kukaa mbali, na ukubali jibu lao.

Anza safari saa 12 na nusu asubuhi, uwe umegeuza kurudi kabla ya saa 3. Beba lita mbili za maji, na kitu chenye chumvi na sukari. Ndizi mbili na karanga zinafaa kuliko soda.

Sasa mambo ambayo mimi kama fundi sina haki ya kuyatibu. Ganzi ikibaki siku nzima baada ya kushuka, au ukianza kuangusha vitu, au misuli kati ya gumba na kidole cha shahada ikianza kubonyea, nenda hospitali. Mawenzi au KCMC watakuelekeza kwa mtaalamu wa neva au wa mazoezi ya viungo. Goti likivimba, likikwama, au likiuma usiku umelala, vilevile. Na kwa miaka 47, kama hujapima shinikizo la damu na sukari mwaka huu, pima kabla ya Jumamosi ijayo. Maumivu au mkazo wa kifua unaokuja ukipanda na kuondoka ukisimama usiusubiri uone kama utapita. Huo ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Usibadilishe vyote kwa pamoja, hutajua kilichokusaidia. Jumamosi ya kwanza shusha upepo tu, uende njia yako ileile. Ya pili, weka kiti sawa na ukipandishe milimita 5. Ya tatu, geuza ukiwa na kilomita 14 badala ya 17 na nusu, urudi kwa gia nyepesi, halafu uniandikie goti linasemaje na tyubu zimetobolewa upande gani.